Lesi ya Mkono na Lesi ya Mashine: Maana na Dalili Zake kwa Mfano wa Moshi

Katika nyumba nyingi za miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame hata Rombo, mgeni aingiapo sebuleni huona vitambaa vyenye matundu vimetandikwa juu ya migongo ya makochi, juu ya meza na juu ya redio. Jagi la maziwa nalo hufunikwa kwa kitambaa cha namna hiyo hiyo, chenye shanga pembezoni ili upepo usikipeperushe. Vitambaa hivi aghalabu vimefumwa kwa mkono, na mama mwenye nyumba au na binti yake. Akiulizwa jina la kitu hicho, mama hujibu, "Kitambaa," au pengine, "Kitambaa cha kufuma." Walakini mama huyo huyo akishuka mjini Moshi kutafuta nguo ya kushonea gauni la arusi, huulizia lesi, naye huonyeshwa jora lililotoka kiwandani, ambalo mkono wa mtu haukupitisha hata uzi wake mmoja.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na wenye kushughulika na lugha. Jina la heshima limekwenda kwa kazi ya mashine. Na kazi ya mkono, ambayo ndiyo lesi ya asili, imebaki na jina lisilopambanua, kwani kila kipande cha nguo ni kitambaa. Wala hili si jambo la majina matupu, kwa kuwa bei hufuata jina. Mnunuzi husema, "Mama, kitambaa hiki umekizidisha bei; kule dukani lesi kamili ni rahisi kuliko hiki." Mama hujibu, "Ile ni ya mashine, mwanangu. Hiki nimekifuma mwenyewe." Mama amesema kweli, lakini lugha haikumpa neno la kuisimamisha kweli yake, na mara nyingi hupunguza bei.

Makala haya yakusudia kueleza mambo matatu: lesi ni nini, lesi ya mkono hutambulikanaje mbele ya lesi ya mashine, na Kiswahili chawezaje kuzitaja bila ya kuzichanganya. Mfano ni wa Moshi, kwa sababu huko kazi zote mbili hukutana kila siku: moja hushuka kutoka mlimani, na nyingine hupanda kutoka bandarini.

Maana ya lesi

Kila lugha ilipokipa kitu hiki jina ilishika upande wake mmoja. Neno la Kiingereza, ambalo ndilo lililozaa lesi ya Kiswahili, latokana na Kifaransa cha kale, na nyuma yake na neno la Kilatini laqueus, yaani tanzi. Wafaransa husema dentelle, yaani kijino, kwa kuutazama ukingo wenye meno meno. Wajerumani husema Spitze, yaani ncha, kwa kuutazama ukingo huo huo. Kiswahili kwa upande wake kilikuwa na neno kimia, ambalo ni wavu wa mviringo urushwao kwa mkono, na ambalo lilienezwa hata likataja nguo nyembamba yenye matundu. Msemaji wa Kiswahili, basi, aliyatazama matundu.

Lakini matundu peke yake hayatoshi kuwa maana, kwa kuwa nguo yaweza kuwa na matundu kwa njia mbili zilizo mbali sana. Njia ya kwanza ni kuichukua nguo iliyokwisha kufumwa, kuitoboa, kisha kuizungushia uzi kingo za matundu. Mfano ulio mzuri kabisa ni kofia ya viua ya pwani na visiwani: fundi huanza na kitambaa kizima, na viua vyake huja baadaye. Kazi hiyo ni tarizi, hata ikawa nzuri namna gani. Njia ya pili ni ile ambayo mwanzoni hapana nguo yoyote. Pana uzi tu, na uzi huo ukipindwa na kuunganishwa huzaa nguo na matundu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo lesi.

Kwa hiyo maana yaweza kuwekwa hivi: lesi ni kitambaa chenye nakshi ya matundu yaliyokusudiwa, ambacho hakikujengwa juu ya nguo nyingine, bali uzi wake wenyewe ndio ufanyao sehemu zilizojaa na sehemu zilizo wazi. Neno "nakshi" halikuwekwa bure. Wavu wa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi, nao ni uzi na matundu bila ya nguo ya msingi; lakini matundu yake ni sawa yote, na hayakusudii kuonyesha kitu. Lesi huyatumia matundu kama mwandishi atumiavyo nafasi nyeupe ya karatasi.

Ukiipima kwa maana hii, kazi ya mama wa Kibosho au wa Marangu, aliyeanza na uzi na sindano ya kulabu akamaliza na ua lenye petali nane katikati ya matundu, ni lesi bila ya shaka. Na sehemu kubwa ya nguo zinazouzwa madukani kwa jina la lesi, kama itakavyoonekana, ni tarizi ya mashine.

Vitenzi vya mkono

Ikiwa majina ya Kiswahili yamepungua katika jambo hili, vitenzi vyake havikupungua. Lugha ina kusokota, kusuka, kufuma, kufunga fundo, kushona na kutarizi, na kila kimoja chataja mwendo wake wa uzi. Kutarizi, ambacho asili yake ni Kiarabu, chataka nguo iwepo kwanza. Kusuka hakitaki nguo. Chataka nyuzi au miyaa kadhaa zinazopishana, kama katika mkeka na katika nywele. Kufuma ndicho kipana kuliko vyote: mfumi akaaye kwenye kitanda chake cha mfumi, akipitisha mshindio katika mtande, hufuma; na mwenye sindano mbili za sweta hufuma; na mwenye sindano moja ya kulabu hufuma pia. Upana huo ndio uliokiwezesha kitenzi kuzaa neno mfumo, ambalo leo hutumika hata katika siasa na elimu. Lakini upana huo huo ndio unaolifanya neno "kufuma" peke yake lisitoshe kupambanua ufundi mmoja na mwingine.

Lesi za mkono zilizositawi huko Ulaya tangu karne ya 15 na ya 16 ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni lesi ya sindano, iliyopata sifa katika Venice: fundi hutumia sindano ya kawaida na uzi mmoja, naye hujenga nakshi yote kwa mshono ule ule wa kuzungushia kitundu cha kifungo, akiurudia mara elfu na elfu hewani, bila ya nguo. Ya pili ni lesi ya kusuka juu ya mto, iliyositawi katika Italia na Flanders: nyuzi nyingi huzungushwa kila mmoja kwenye kijiti chake, pini huchomwa mtoni kufuata mchoro, na vijiti hupishanishwa wawili wawili. Kwa Kiswahili hiyo ni kusuka kabisa, na msusi wa ukili angeufahamu mwendo wake upesi kuliko mfumi.

Namna ya tatu ilikuja baadaye, nayo ndiyo ihusuyo Moshi: lesi ya kulabu, ambayo watu huiita kroshia au krosheti. Ufundi huu ulienea sana katika Ireland wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ambapo watawa na wanawake wenye huruma waliwafundisha maskini kazi hii wapate chakula. Kulabu hujifunzwa upesi kuliko mto na vijiti, na vyombo vyake ni viwili tu, sindano na uzi. Si ajabu basi kwamba kazi hii ilisafiri popote misheni ilipokwenda. Katika Kilimanjaro Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Na kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, kushona na kufuma yalikuwa miongoni mwa mafunzo ya wasichana. Kutoka darasani ufundi uliingia nyumbani, na tangu hapo mama humfundisha binti bila ya kitabu.

Kuja kwa mashine

Mashine haikuiga lesi kwa siku moja. Mwaka 1808 na 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hati za kulinda uvumbuzi wa mashine ya kutoa kimia kitupu, yaani matundu sawa yasiyo na nakshi. Watu waliona mara moja hatari iliyokuwamo: mwaka 1816 mitambo yake katika mji wa Loughborough ilivunjwa usiku, naye akahamisha kazi yake Tiverton. Mwaka 1813 John Leavers wa Nottingham alitengeneza mashine yake, ambayo baadaye, ilipounganishwa na kadi zilizotobolewa za Jacquard, iliweza kutoa kimia na nakshi pamoja. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine kubwa ya kutarizi kwa nyuzi mbili. Katika miaka ya 1880 mafundi waligundua hila nyingine: kutarizi juu ya nguo ya msingi, kisha kuiyeyusha nguo hiyo kwa dawa, ikabaki nakshi peke yake. Katika karne ya 20 zikaenea mashine za kufuma kwa vitanzi, ziitwazo Raschel, ambazo ni za mbio sana na hupenda nyuzi za nailoni na poliesta.

Basi "lesi ya mashine" si kitu kimoja. Ni angalau vitu vitatu: lesi iliyopindwa na mtambo wa Leavers, lesi iliyofumwa kwa vitanzi na Raschel, na tarizi iliyopoteza nguo yake. Jora zito la gauni la arusi, lenye maua yaliyoinuka, mara nyingi ni la namna hii ya tatu, ama ni tarizi ya mashine juu ya kimia cha mashine. Utepe mwembamba wa kushonea pindo la gauni la mtoto, au pazia jepesi, mara nyingi ni Raschel.

Dalili za kutambulia

Dalili ya kwanza, na iliyo kubwa, ni njia ya uzi. Mtu na achukue kioo cha kukuzia, achague uzi mmoja, aufuate. Katika lesi ya kulabu ataona kitanzi kilichopita ndani ya kitanzi, kisha kikaenda upande kwa upande au kwa mviringo, kila pindo likiwa limekamilika kabla ya jingine kuanza. Katika lesi ya sindano ataona mishono ya kitundu cha kifungo, mmoja umeshika mwingine. Katika lesi ya kusuka ataona sehemu zilizojaa zafanana na nguo iliyofumwa, lakini nyuzi zageuka pamoja na nakshi, hata uliokuwa mtande ukawa mshindio. Katika Leavers, nyuzi kadhaa zashuka moja kwa moja kwa urefu wa kitambaa, na sehemu zilizojaa zina mistari kama mbavu. Katika Raschel ataona minyororo midogo ya vitanzi imesimama sambamba, yote ikielekea upande mmoja. Katika tarizi iliyoyeyushwa ataona uzi wa juu na uzi wa chini vimekamatana kama katika cherehani, na kingo zake zina manyoya manyoya.

Dalili ya pili ni kosa. Watu wengi hudhani kwamba kazi isiyo sawa ni ya mkono na iliyo sawa ni ya mashine. Dhana hiyo huwadhulumu mafundi bora, kwani mkono uliozoea hufuma sawasawa hata jicho lisione tofauti. Cha kutazamwa si kuwapo kwa kosa bali kurudi kwake. Kosa la mashine lililomo katika kadi au katika programu hurudi kila nakshi inapoanza upya, mahali pale pale. Kosa la mkono halirudi. Fundi akisahau pindo moja katika petali ya tatu, petali ya tatu ya ua la pili itakuwa salama, na pengine karibu yake pataonekana alivyorekebisha hesabu.

Dalili ya tatu ni mwanzo na mwisho. Kitambaa cha kulabu cha mviringo kina kitovu, yaani pete ndogo ya mwanzo, na kila mzunguko una mahali ulipofungwa, panapoonekana kama mshono mwembamba ukipanda toka katikati. Mwishoni uzi umekatwa na ncha yake kufichwa kwa sindano. Ncha hiyo ikifunguliwa, kazi hufumuka kitanzi kwa kitanzi kurudi nyuma. Lesi ya mashine haina kitovu cha namna hiyo. Ilizaliwa ikiwa pana na ndefu, kisha ikatengwa; kwa hiyo pembeni na nyuma mara nyingi huonekana ncha nyingi fupi za nyuzi zilizokatwa.

Moto, ambao wauzaji wengine huutumia kama shahidi, hauthibitishi jambo hili. Uzi uyeyukao ukafanya tone gumu ni nailoni au poliesta. Uzi unaoacha jivu laini ni pamba. Hiyo ni habari ya uzi tu. Mama aweza kufuma kwa uzi wa nailoni, na kiwanda chaweza kutoa lesi ya pamba safi.

Kuhusu lesi ya kulabu pana jambo moja la pekee ambalo mafundi wa Moshi hawana budi kulijua, kwa kuwa ni hoja yao iliyo bora. Mpaka sasa viwanda havitengenezi kroshia halisi kwa mashine kwa ajili ya soko. Mashine zinazoitwa kwa jina hilo viwandani hutoa nguo ya vitanzi vya wima, jamaa ya Raschel, ambayo hufanana na kroshia kwa mbali tu. Kwa hiyo kitambaa kikithibitika kuwa ni kroshia, kimekwisha kuthibitika kuwa ni cha mkono. Hata hivyo "cha mkono" si sawa na "cha hapa". Tangu mwaka 1984, Serikali ya Tanzania ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba imejaa masokoni, na katika marobota yanayofunguliwa Kiboriloni au Memorial chaweza kutokea kitambaa cha kroshia kilichofumwa na mkono wa mwanamke wa nchi nyingine. Dalili zilizotajwa huonyesha mkono. Hazionyeshi ni mkono wa nani.

Kazi zilizo mpakani

Mafundi cherehani wa Moshi huleta swali gumu zaidi. Fundi huchukua kimia cha kiwandani, akashonea juu yake shanga na maua kwa mkono mmoja mmoja; au hutarizi kwa cherehani, mguu ukiendesha mtambo na mikono ikiongoza nguo. Je, kazi hizi ni za mkono au za mashine?

Kipimo kifaacho ni kuuliza ni nani aliyeamua njia ya uzi wakati uzi ulipokuwa ukipita. Katika lesi ya mkono, kila pindo liliamuliwa na mtu pale pale, naye angeweza kulibadili. Katika lesi ya mashine, njia yote iliamuliwa kabla, ikaandikwa katika kadi au programu, na mtambo ukaitii. Kwa kipimo hiki, kimia chenye shanga ni kazi ya sehemu mbili, na yapasa zitajwe zote mbili: kimia cha mashine, mapambo ya mkono. Na fundi wa cherehani aongozaye nguo kwa mikono yake hutarizi kwa mkono akisaidiwa na mashine. Kazi yake ina haki ya kutofautishwa na ya kiwanda, ingawa si lesi.

Istilahi

Upambanuzi huu si wa wataalamu peke yao. Orodha ya kimataifa ya bidhaa itumiwayo na idara za forodha, ikiwemo ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina fungu la 5804 ambamo lesi iliyotengenezwa kwa mashine imetengwa na lesi iliyotengenezwa kwa mkono. Na katika fungu la 5810, lililo la tarizi, imo tarizi isiyo na nguo ya msingi inayoonekana. Yaani sheria imekwisha kuyatenga mambo ambayo Kiswahili cha dukani bado huyaita kwa neno moja. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ushonaji navyo vyahitaji maneno hayo, na kazi ya kuyasanifu ni ya vyombo vya lugha, kama Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967.

Hapana haja ya kubuni maneno mengi mapya. Neno lesi limekwisha kuwa la Kiswahili, nalo libaki liwe jina la jinsi yote, kwa maana iliyowekwa hapo juu. Kimia kirudishiwe kazi yake, kiwe jina la uwanda wa matundu sawa, ama peke yake ama nyuma ya nakshi. Vitenzi vitoe majina ya namna za mkono: lesi ya sindano, lesi ya kusuka, lesi ya kulabu. Kwa mashine yafaa kusema lesi ya mtambo kwa Leavers, lesi ya vitanzi kwa Raschel, na tarizi ya kuyeyusha kwa ile iliyopoteza nguo yake. Ile iliyotobolewa katika nguo iitwe tarizi ya viua, kwa heshima ya kofia iliyotangulia kulitumia neno hilo. Katika biashara ya kofia watu huuliza bila ya shida kama kofia ni ya mkono au ya mashine, nao hulipa kwa kadiri ya jibu. Kinachotakiwa katika lesi ni desturi ile ile.

Mabadiliko haya ni madogo, lakini hayakosi faida. Kitambaa kilicho juu ya kochi la Marangu kikiitwa lesi ya kulabu, mnunuzi hatakilinganisha tena na jora la dukani kana kwamba hilo ndilo lesi na hiki ni kitambaa tu. Atalinganisha lesi na lesi: ya mkono na ya mashine. Akibisha, mama ataweza kumwonyesha pete ya mwanzo iliyo katikati, na mahali kila mzunguko ulipofungwa.